Kwa nini oksaidi ya shaba ina fomula mbili

Mama uliyeuliza kwa nini mwanao amenyimwa alama kwa kuandika Cu₂O₂ badala ya CuO, nimefundisha kemia hapa Lubumbashi kwa miaka kumi na miwili, na kosa hilo nimelikuta katika madaftari mengi, tena ya watoto wenye bidii.

Watoto hufundishwa kubadilishana namba za uoksidishaji, yaani chaji ambayo kila atomu huhesabiwa kuwa nayo katika kampaundi: ya metali inashuka chini ya oksijeni, ya oksijeni inashuka chini ya metali. Kwa aluminiamu yenye +3 na oksijeni yenye −2 njia hiyo inaleta Al₂O₃ bila shida; kwa shaba yenye +2 inaleta ile Cu₂O₂ ya mwanao. Lakini mtoto akishaizoea huacha kuuliza kinachotafutwa, nacho ni kimoja tu: jumla ya namba za uoksidishaji katika kampaundi isiyo na chaji iwe sifuri. Shaba ikiwa +2 na oksijeni −2, atomu moja ya kila upande inatosha, CuO. Shaba ikiwa +1, zinahitajika atomu zake mbili, Cu₂O. Namba ya Kirumi iliyo kwenye jina, kama vile oksaidi ya shaba (II), ndiyo inayosema ni ipi kati ya hizo mbili. Utaratibu huo ulipendekezwa na Mjerumani Alfred Stock mwaka 1919.

Mimi huanza na malakaiti, madini ya shaba, kwa kuwa hapa kwetu hakuna mtoto asiyelijua jiwe hilo la kijani. Fomula yake, Cu₂CO₃(OH)₂, huwatisha, hadi tunapohesabu pamoja: kaboneti (CO₃) ni −2, haidroksaidi (OH) mbili ni −1 kila moja, jumla −4, basi shaba mbili zinagawana +4 na kila moja inapata +2. Kisha natia unga wake kidogo katika neli na kuupasha moto. Matone ya maji yanajikusanya karibu na mdomo wa neli, gesi ya kaboni dioksaidi inatoka, na unga wa kijani unageuka mweusi. Huo mweusi ni CuO. Hapo nawauliza shaba imekuwa ngapi, na karibu darasa zima hujibu kwamba imebadilika, kwa sababu rangi imebadilika. Wanapohesabu upya wanaikuta palepale, +2, na kimya kinachofuata nakipenda kuliko jibu lolote.

Jiwe jeusi la kobalti, heterojenaiti, CoO(OH), waachie wahesabu wenyewe: oksijeni −2 na haidroksaidi −1, kwa hiyo kobalti ni +3.

Mwonye mwanao jambo moja. Cu₂O₂ hufupishwa kuwa CuO kwa sababu oksaidi hiyo ni fuwele, yaani atomu zilizopangwa mfululizo bila molekuli moja moja, na fomula yake inaonyesha uwiano tu wa atomu. Peroksaidi ya hidrojeni, H₂O₂, ambamo oksijeni ni −1, haifupishwi kamwe kuwa HO, kwani hizo ni atomu nne zilizoshikana kweli katika molekuli moja.