Jibu: Kwa nini risasi moja inasikika mara mbili?
Mkuu, umeuliza kwa nini AK-47 ikipigwa kwa mbali unasikia "ta!" kisha "du". Ni risasi moja hiyo hiyo. Inatoka mtutuni kwa mita 715 hivi kwa sekunde, sauti inakwenda 340 tu. "Ta" ni wimbi la mshindo ambalo risasi inaliburuta inapokupita. "Du" ni mlipuko wa baruti mtutuni, unafika baadaye. Mpigaji akiwa mita 300, pengo ni kama theluthi ya sekunde. Wengi wanakosea hapa: wanageukia kule ulikosikika mlio wa kwanza, kumbe huo umetoka kwenye njia ya risasi. Mwelekeo wa bunduki uchukue kwenye "du". Kombora la mzinga likishapungua mwendo chini ya sauti, mluzi wake unalitangulia; lililo kasi zaidi linalipuka kabla hujasikia chochote.