Mtoto hashibi na ananenepa kila siku, ni tabia au ni ugonjwa?

SWALI: Dokta naomba msaada, mwanangu wa kiume ana miaka 6, kilo 38, urefu sm 104. Alipozaliwa alikuwa legelege, hata kunyonya hawezi, tukawa tunamkamulia maziwa. Tangu afike miaka 3 hashibi, juzi usiku nimemkuta jikoni anabwia unga mbichi wa sembe. Mama mkwe anasema nimemdekeza.

JIBU: Pole sana mama, na hilo la kudekeza litoe kichwani. Mimi cha kwanza nilichoangalia sio kilo ni huo urefu, maana mtoto aliyenenepa kwa chipsi na soda kwa kawaida anakuwa mrefu kuliko wenzake, wako ni mfupi, ukijumlisha na ule ulegevu na kushindwa kunyonya hapo lazima tufikirie Prader-Willi.

Ni ugonjwa wa jeni (vinasaba), unampata kama mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000. Kwenye kromosomu namba 15 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) kuna jeni ambazo kwa asili zinafanya kazi zile za baba tu, za mama zimezimwa, sasa za baba zikikosekana hakuna za kuziba pengo. Mara nyingi inatokea tu kwa bahati mbaya wakati mtoto anatungwa, kwahiyo msianze kutafutana ukoo gani umeleta. Ubongo haupati taarifa ya kushiba, njaa anayoisikia ni ya kweli kabisa, na kumchapa hakusaidii jamani.

Mpeleke kwa daktari wa watoto mwombe kipimo cha DNA cha methilesheni, yaani kinachoangalia jeni zipi zimezimwa, kinanasa karibu wagonjwa wote, ila mara nyingi sampuli inasafirishwa nje ya nchi. Apimwe na sukari, na kama anakoroma mwambie daktari, kwa sababu kuna homoni ya ukuaji inayosaidia urefu na misuli lakini kabla ya kuianza lazima usingizi na upumuaji wake uchunguzwe.

Nyumbani wekeni kufuli kwenye friji na kabati, chakula kiwe na saa maalum, na bibi naye asimpe vya pembeni, mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko wenzake. Na hili naomba ulishike sana: watoto hawa ni nadra kutapika na maumivu hawayasikii vizuri, tumbo linaweza kujaa mpaka likapasuka. Akitapika, au tumbo likivimba, au akikataa chakula ghafla, kimbieni hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

Siku ya kwenda beba kadi lake la kliniki la uchangani, ile mistari ya uzito wa miezi ya mwanzo daktari ataihitaji.