Mradi usingefutwa au usingalifutwa?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu Heinkel He 280, ndege ya kivita ya jeti ya Ujerumani ambayo mradi wake ulifutwa mwaka 1943. Nimeandika: "Kama mradi haungefutwa, Ujerumani ingalipata jeti za kivita mapema." Mhariri kairudisha, anasema viambishi vinagongana. Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri yuko sahihi. Umeanza na -nge-, ukamalizia na -ngali-, na sarufi sanifu inataka pande zote mbili zilingane. Na hapa -ngali- ndiyo inayofaa.

Jiweke katika karakana ya Heinkel mwanzoni mwa 1943. Ndege imekwisha kuruka kwa injini zake tangu Machi 30, 1941, rubani akiwa Fritz Schäfer. Siku hiyo injini ziliachwa bila vifuniko, kwani mafuta yalikuwa yakivuja na kutuama ndani. Injini ndizo zilizoutesa mradi mpaka mwisho. Fundi wa pale angesema: "Tungepata injini madhubuti, tungeunda ndege nyingi." Hazijapatikana, lakini huenda zikapatikana. Machi 1943 Erhard Milch, mmoja wa wakuu wa jeshi la anga la Ujerumani, akaamuru kazi ikome, jeti nyingine, Messerschmitt Me 262, ikapewa nafasi, na He 280 ikaishia kwenye ndege tisa za majaribio. Fundi yuleyule sasa hana budi kusema: "Tungalipata injini madhubuti, tungaliunda ndege nyingi." Yamepita, hayarudi.

Kwa hiyo andika: "Mradi usingalifutwa, Ujerumani ingalipata jeti za kivita mapema." (Kama dai lenyewe ni kweli, hilo waulize wanahistoria. Mimi naona injini zingalikuwa zilezile.) "Haungalifutwa" nayo inakubalika, ila mimi napendelea -si-. "Kama" nimeiondoa kwa sababu kiambishi kimeshabeba sharti. Ukiibakiza, si dhambi.

Vipi -ngeli-? Imezoeleka, sina ugomvi nayo, mradi uitumie pande zote mbili.

Kama makala yako inamtaja Helmut Schenk, rubani wa majaribio wa He 280, jihadhari hapo pia. Januari 13, 1942, He 280 yake ilikuwa ikivutwa angani, barafu ikaitia ndege hatarini, akajirusha nje kwa kiti maalumu kilichosukumwa na hewa iliyoshindiliwa. Hakuna rubani aliyewahi kujiokoa hivyo kabla yake. Hapo utaandika: "Asingalikuwa na kiti kile, angalikufa." Ukiandika "angekufa", msomaji atadhani Schenk bado yuko angani.