Usitume hiyo milioni mbili na nusu ya ganuni

Usitume. Kama umeshatoa ile laki tatu ya kushikia mzigo, iache ipotee. Hiyo milioni mbili na nusu iliyobaki usiitoe.

Nimesoma swali lako mara mbili, mdogo wangu. Uko Tanga, ni nesi, una miaka 33, umekulia kwa bibi aliyekuwa anafungulia taarabu asilia kila Ijumaa, na ndoto yako ni siku moja ukae nyuma ya ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa na kudonolewa, kwenye kundi la kweli. Umempata muuzaji, anasema chombo kimetoka Misri, na amekuhakikishia kwamba ukikaa nacho miezi sita utapanda jukwaani. Unauliza kama bei ni sawa, kama umri umepita, kama ni lazima ujue kusoma nota, na nyuzi zikikatika utazipata wapi. Nilipofika kwenye "miezi sita" nilisimamisha cherehani. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2017, na nina wasiwasi hata mdomo ni ule ule.

Mimi ni fundi nguo, Magomeni. Mwaka ule nilikuwa na milioni moja na laki tisa niliyoiweka pembeni kwa miaka mitatu, hela ya sare za shule na magauni ya harusi. Muuzaji alitaka mbili na laki sita. Nikauza mashine yangu ya ovaloki kwa laki saba. Aliyewahi kushona anajua maana yake. Ile ndiyo inayofunga kingo za ndani, bila hiyo sare haimalizi muhula, inafumuka. Nikaiuza mwezi wa kumi, na Januari ndiyo msimu wa sare. Wateja wangu wa shule mbili wakahamia kwa fundi mwingine na hawajarudi mpaka leo.

Na hela siyo hasara ninayoililia.

Kabla ya ganuni nilikuwa nakwenda kila Jumamosi jioni kwa akina mama fulani wenye asili ya Unguja, wana kikundi chao cha kidumbaki. Mnaoijua taarabu mnajua kidumbaki ni ndugu yake wa uani: fidla moja, sanduku la besi, vingoma viwili vidogo, cherewa za kutikisa, na vijiti vya mkwasa vya kugonganisha. Nilianza kwa kutikisa cherewa. Baada ya mwaka na nusu wakanikabidhi kingoma kimoja. Ilikuwa hatua ndogo, lakini mkono ulikuwa umeanza kujua mapigo bila kuuliza kichwa, na sikio lilikuwa limeanza kusikia fidla inapogeuka kabla haijageuka. Siku niliyolipa ganuni niliacha kwenda. Nilijiambia mimi sasa ni mpiga ganuni, za nini tena cherewa. Hakuna aliyenifukuza, nilijitoa mwenyewe mahali pekee nilipokuwa nakua, nikaenda kukaa chumbani na sanduku la mbao. Hapo ndipo nilipopotea, na ndiyo maana nakuandikia saa sita usiku.

Chombo kilifika kimefungwa kwenye blanketi. Hakuna ufunguo wa kukazia nyuzi, hakuna risha, yaani vile vipande vinavyobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Nikampigia muuzaji, akasema hivyo vinauzwa kando. Nikamwomba aje anionyeshe hata sauti moja tu inatokaje. Akasema yeye ni mfanyabiashara, si mwanamuziki. Mtu huyo ndiye aliyenihesabia miezi sita! Alijuaje miezi sita inatosha na yeye hajawahi kuweka kidole kwenye uzi? Nimejiuliza swali hilo miaka mingi na bado linanipandisha damu.

Sasa sikiliza kuhusu chombo chenyewe, maana hili muuzaji hatakuambia. Ganuni yangu ilikuwa na sauti 26, kila sauti nyuzi tatu. Nyuzi 78. Zote lazima zikazwe moja moja, na zile tatu za sauti moja zilingane kabisa, ikipotoka moja unasikia mlio unayumba. Usiku wa kwanza, baada ya kuazima ufunguo kwa fundi wa vinanda, nilianza kutyuni saa mbili. Saa saba kasoro nikawa nimefika mwisho. Nikarudi mwanzo kujaribu, za mwanzo zimeshalegea. Vijiti vya kukazia nyuzi vilikuwa vimekula matundu yake, havishiki. Asubuhi chombo kizima kilikuwa kimeshuka kana kwamba sikukigusa.

Nikapakua programu ya kutyunia kwenye simu. Hapa usicheke, kwa sababu na wewe umeandika kwamba utatumia simu. Simu inakuonyesha sauti za piano. Taarabu ya zamani inatembea na maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya Kiarabu, na kwenye maqamu ya Rast sauti ya tatu na ya saba hazikai pale piano inapoziweka, zinakaa katikati, chini kidogo ya ile unayoijua. Kwenye maqamu ya Bayati ni ya pili. Ndiyo maana ganuni ina vile vipande vidogo vya chuma kando ya vijiti, unavipandisha na kuvishusha ili uzi ubadilike sauti. Mimi sikujua vya nini. Nilikaza kila kitu kama simu ilivyotaka, nikapiga mwanzo wa wimbo ninaoujua tangu utoto, ukatoka kama king'ora cha shule. Nikadhani mimi sina sikio. Nililia kweli kweli. Kumbe sikio langu ndilo lililokuwa sahihi, likikataa, na hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Halafu ikaja masika ya 2018. Upande wa kulia wa ganuni kuna vipande vya ngozi, na juu yake linakaa daraja linalobeba nyuzi zote. Fikiria nyuzi 78 zinakandamiza ngozi, na hewa ya Dar mwezi wa nne inaloweka kila kitu mpaka chumvi mezani inakuwa maji. Kipande kimoja kilikuwa kimewahi kupasuka na kugandishwa kwa gundi kwa ndani, hilo sikuliona, picha za kwenye simu hazionyeshi ndani. Usiku mmoja nikasikia mlio, ule ule wa khanga inapochanwa pindo. Nikawasha taa. Daraja limezama upande mmoja na theluthi ya nyuzi zimelala.

Nikakifunika na blanketi lake. Kikakaa chini ya kitanda mpaka 2020, na mimi sikugusa muziki wa aina yoyote muda wote huo. Hata redio ikipiga taarabu nilikuwa nazima.

Mdau aliyetangulia hapo juu amekuandikia kwamba chombo ndicho kinachompa mtu hamasa, ukishakitolea hela utajilazimisha. Naomba nimpinge mbele ya watu wote. Hela haimlazimishi mtu kufanya mazoezi. Hela inamfanya aone aibu. Kila nilipokitazama kile chombo nilikuwa naiona ovaloki, na mtu mwenye aibu hafanyi mazoezi, anakitazama chombo na kukifunika.

Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alipoipenda taarabu ya Misri alimtuma Mohamed bin Ibrahim aende huko akajifunze ganuni. Lizingatie hilo. Yule alikuwa sultani, angeweza kuagiza ganuni zikajaa jahazi. Akatuma mtu akakae chini ya walimu. Sasa mimi na wewe, fundi nguo na nesi, tunaanzia kwenye kuagiza jahazi!

Aliyenitoa kwenye shimo ni mzee mmoja wa Unguja aliyekuja Dar kutibiwa macho. Alifikia kwa binti yake, mteja wangu. Nilipopeleka gauni nikamkuta barazani anagonga magoti kwa vidole viwili tu, vya shahada, kulia na kushoto, kulia na kushoto. Nikamuuliza ni ngoma gani. Akasema ni ganuni, na hayo ni mazoezi, hajawahi kuyaacha hata siku moja tangu kijana. Nikamsimulia yangu yote nikiwa nimesimama na gauni mkononi. Hakuniuliza ganuni niliinunua bei gani. Aliuliza, "Kabla ya hapo ulikuwa ukipiga nini?" Nikasema kidumbaki. "Ukaachia nini?" Sikuwa na jibu.

Akanipa sharti moja, nami nakukabidhi kama lilivyo: siku mia kwanza, hela baadaye. Siku mia za mazoezi mfululizo kwenye kitu cha kuazima au cha kutengeneza, dakika ishirini kwa siku. Ukiruka siku unaanza kuhesabu upya. Mpaka siku ya mia isipite, usiulize bei ya chombo chochote.

Kitu chenyewe kilitoka kwa seremala jirani. Ubao wa urefu wa mkono, chini yake kasanduku ka mbao nyembamba ili sauti itoke, misumari, na mshipi wa kuvulia samaki. Sauti nane, kila moja nyuzi tatu. Elfu ishirini na tano pamoja na mshipi. Mzee akatyuni mwenyewe kwa sikio, Rast, na hapo ndipo niliposikia ile sauti ya tatu inakaa wapi. Mwili ulinisisimka. Risha nikakata kwenye kopo la plastiki, pete nikatumia subana mbili za zamani nilizokata ncha.

Zoezi la mwezi wa kwanza lilikuwa moja. Kupanda sauti nane kwa mkono wa kulia, kushuka, kisha kushoto, kisha mikono kupokezana. Basi. Alinikataza kuzidisha dakika ishirini, akasema anayezidisha leo ndiye anayeruka kesho. Kila nikifunga kazi nilikaa kwenye kiti cha cherehani, ubao mapajani, simu nimeitega saa. Nikimaliza nachora mstari ukutani kwa chaki ya kukatia nguo. Nilianguka mara mbili: siku ya 17 kwa msiba, siku ya 41 kwa uvivu mtupu, na mara zote mbili nikafuta ukuta nikaanza moja. Mtoto wa jirani alilishika zoezi, akawa analiimba akitumwa dukani, mpaka muuza duka naye akalijua. Jumamosi nikarudi kwa akina mama. Walinipokea kama vile nilikuwa safarini, wakanipa cherewa, nikaanza tena na cherewa.

Siku ya mia ilipotimia nilimpigia mzee simu Unguja. Akasema vuka. Akanipeleka kwenye chama chao, nikakalishwa mbele ya ganuni ya chama, nyuzi zote zimesimama sawa, na mkono ukajua pa kwenda. Tangu hapo navuka na boti mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote niko kwenye ubao. Mwaka 2023 nilipiga bashraf moja nzima, yaani kipande cha ala tupu bila kuimba, na kundi, arusini, nimekaa safu ya nyuma. Bashraf moja, baada ya miaka mitatu. Muuzaji angeniambia miezi sita.

Umri: Siti binti Saad alizaliwa Fumba kwa wafinyanzi, akauza vyungu, akaingia mjini 1911, na ni 1928 alipokwenda Bombay kurekodi. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati, na alipoingia mjini alikuwa tayari mtu mzima. Mimi nilishika ubao nina miaka 38. Kwa hiyo 33 si jambo la kuliulizia.

Unasema Tanga hakuna mwalimu wa ganuni. Sawa, lakini Tanga haikosi watu wa taarabu, mji ule ulilea makundi ya Black Star na Lucky Star. Tafuta wazee, omba ukae pembeni. Wakikupa dumbaki shika dumbaki, wakikuambia utikise, tikisa. Ukipata likizo ya kazini ndefu kidogo, Mji Mkongwe kuna chuo cha muziki cha DCMA, kipo tangu 2002, wanafundisha ganuni, udi na fidla, nenda kaulize. Ukiona mwanamke kwenye ganuni ni ajabu, watafute Tausi wa Zanzibar, kundi la wanawake, uone nani anapiga nini.

Huyo muuzaji akikupigia kesho, na atapiga, maana wakishanusa hela hawalali, mwambie akutyunie sauti moja tu kwenye simu ukiwa unasikiliza. Nyuzi tatu. Akishindwa, kata.

Na ubao wangu sasa umelala, kwa sababu seremala alinitengenezea mwingine wa sauti kumi na sita. Ule wa nane bado mzima, mshipi nilibadilisha mwezi uliopita. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie ni basi gani linakufaa, nitaupakia Jumatatu asubuhi na subana zake mbili. Nauli ya mzigo tu utalipa wewe.