Umealikwa dol ya Kikorea? Bahasha au pete, midoli acha dukani

Mkuu, umesema bosi wako Mkorea kakualika kwenye dol, sherehe ya mwanawe kutimiza mwaka, na unauliza uende na nini, na kama kweli mtoto "huchaguliwa kazi" siku hiyo. Mimi nimeolewa na Mkorea, tunaishi Busan, Korea Kusini, na wanangu wote wameikalia meza ya sherehe hiyo.

Zawadi kwanza. Ya heshima ni pete ndogo ya dhahabu, karati 24. Kipimo cha jadi ni don moja, yaani gramu 3.75. Si ya kuvaa, ni akiba ya mtoto. Mwaka 1998, nchi ilipokuwa hoi kwa madeni, watu walizitoa pete hizo kabatini wakachangia kuokoa uchumi. Sasa dhahabu haishikiki, hata huku wengi hununua ya gramu moja au hutia pesa kwenye bahasha. Wewe ni mfanyakazi, si mjomba wa mtoto. Bahasha nyeupe yenye jina lako inatosha. Huku tunatia won (pesa ya Korea) 30,000, 50,000 au 100,000. Toa kwa uwezo wako, ila namba nne isiwemo kwenye kiasi hicho, kwao ina nuksi ya kifo.

Sasa hiyo ya kazi, doljabi. Mtoto huvalishwa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, yenye mikono ya mistari ya rangi, akawekewa mezani mbele yake achague: uzi, brashi ya kuandikia, kitabu, pesa, mchele. Akishika uzi ataishi sana, brashi atakuwa msomi, pesa au mchele hatalala njaa. Siku hizi wameongeza stetoskopu, kipaza sauti, nyundo ya hakimu, hata mpira. Na wazazi wanachakachua, usidanganyike! Mume wangu aliisogeza stetoskopu hadi ikakaribia kumgusa binti yetu. Binti akaipita, akavuta uzi, akautia mdomoni. Mume akanuna kidogo. Mama mkwe akapiga makofi kuliko ukumbi mzima.

Ukitaka kumwelewa mama mkwe, rudi nyuma hadi siku ya mia, baek-il. Zamani vichanga walikufa sana, kwa hiyo mtoto alifichwa kwanza. Langoni ilifungwa kamba ya majani ya mpunga, yenye pilipili nyekundu kama ni wa kiume, mkaa kama ni wa kike, na wageni hawakupita kwa siku 21. Akifika mia, ndipo watu walipumua. Ni kama arobaini yetu, ila wao huvuta mbele zaidi. Alfajiri huandaliwa wali na supu ya mwani kwa ajili ya Samsin Halmoni, bibi anayelinda uzazi, kisha mkate mweupe wa unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke hugawiwa majirani. Wanasema ukifika nyumba mia mtoto ataishi. Jirani naye hakurudisha sahani tupu, aliweka uzi au mchele. Mimi baek-il naipenda kuliko dol, haina mshereheshaji wala projekta.

Ukumbini huenda mkaambiwa mbashiri mtoto atashika nini, anayepatia hupewa zawadi. Ukipewa mkate wa mchele wa kubeba, pokea kwa mikono miwili. Na wahi: kumbi nyingi hukodishwa kwa zamu ya muda wa saa mbili hivi, ukichelewa utakuta meza imeshakunjwa.