Pampu ya klorini inagonga, dawa haitoki

Swali: Pampu yetu ya kutia klorini kwenye bomba la kisima inagonga kama kawaida, lakini asubuhi dawa haitoki. Kosa liko wapi?

Jibu: Hewa. Klorini ya maji hutoa gesi usiku, na kiwambo (utando wa mpira unaosukuma dawa ndani ya pampu) kinaishia kuibana gesi badala ya kusukuma dawa. Mpira wa kufyonzea uwe mfupi, upande juu moja kwa moja bila kupinda mgongo. Valvu ya chini, iliyo mwisho wa mpira huo ndani ya tangi la dawa, isimame wima, sentimita 5 hivi juu ya sakafu ya tangi, isinyonye mashapo. Fungua valvu ya kutolea hewa hadi mapovu yaishe.

Ikigoma bado, toa presha, ufungue valvu ya kudungia bombani: mara nyingi chokaa imeiziba. Iloweke kwenye siki, ila isuuze sana kwanza. Siki na klorini hutoa gesi ya sumu.