Mtoto akiungua na chai, usitazame kidonda peke yake

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipovuta kitambaa cha meza, kikombe cha chai kikammwagikia mkononi. Palipoungua hapakuzidi ukubwa wa kiganja chake. Nilimwagia maji ya bomba, nikafunga bandeji, nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu homa ikapita 39, akatapika, akaharisha, hata nguvu ya kulia hana. Zahanati walimpima malaria, hakuna, tukapewa dawa ya kushusha homa. Mkono sikuutaja kabisa, maana kidonda kilikuwa kikavu, hakina usaha wala harufu. Kosa hilo ndilo lililonifanya niandike.

Usiku tukakimbilia hospitali. Daktari aliyempokea alianza na bandeji, akatuambia mtoto ana sumu ya bakteria kwenye damu.

Bakteria hao, stafilokokasi, hukaa puani na kwenye ngozi za watu wengi bila kuwadhuru. Baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo TSST-1, na wakipata ngozi iliyoungua, sumu huingia mwilini. Kwa kawaida kila seli T, moja ya chembe nyeupe za damu, humjua adui wake mmoja tu. Seli nyingine humega kipande cha mdudu na kukionyesha, na seli T inayokitambua ndiyo huamka. Pengine ni moja kati ya elfu kumi, au chini ya hapo. Sumu hii haingoji kumegwa. Hujibandika ubavuni mwa seli hizo mbili na kuzigandamanisha, seli T iwe inamjua adui huyo au haimjui. Hata seli T moja kati ya kila tano inaweza kuamka kwa mkupuo, na zote zikaanza kumwaga saitokaini, kemikali ambazo seli za kinga huitana kwazo. Mishipa ya damu huvuja, presha huanguka, figo na ini huumia. Kinachomwangusha mtoto hapo ni kinga yake mwenyewe, ndiyo maana kidonda kinaweza kuonekana kizuri kabisa. Sisi watu wazima wengi wetu tuna kingamwili dhidi ya sumu hii. Watoto wadogo wengi bado hawana.

Kwa hiyo, mama mwenzangu: mtoto akiungua, maji ya bomba yatiririke hapo dakika 20. Dawa ya meno, yai na unga usipake. Kisha mwangalie mtoto mwenyewe, hasa siku za mwanzo. Homa ikija pamoja na kutapika, kuharisha, kulegea au ngozi kuwa nyekundu, nenda hospitali saa hiyohiyo, na neno la kwanza liwe: "Mtoto huyu aliungua." Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, tazama macho, midomo na ulimi.

Wangu aliwekewa dripu, kidonda kikasafishwa upya, akapewa antibayotiki mbili. Mojawapo ilikuwa klindamaisini, ambayo huwazuia bakteria kutengeneza sumu zaidi.

Wiki mbili baadaye ngozi ya vidole vyake ilianza kubanduka, nyembamba kama ganda la kitunguu. Daktari alikuwa ameshaniambia, kwa hiyo sikushtuka. Nilimpaka mafuta, nikamkata kucha asije akaivuta.